Siku za kulala ndizo zinazoua pikipiki kuukuu Bujumbura

Bujumbura. Foleni ya petroli inapoingia siku ya tatu, pikipiki nyingi huondolewa barabarani na kulazwa uani. Kuanzia Kinama na Kamenge hadi Buyenzi na Kanyosha, huegeshwa ukutani zikiwa na mafuta kidogo chini ya tangi, zikisubiri siku kituo kitakapopokea lori.

Siku hiyo ikifika, ndipo karaha inapoanza. Pikipiki iliyokuwa ikiwaka kwa kiki moja inapigwa kiki ishirini na haiitiki. Ikiwaka, inazima mara tu mwendeshaji anapoachia mafuta. Wakati huo ndagala ziko kwenye kikapu, jua linapanda, na mteja anapiga simu.

Hukumu ya haraka ni kwamba injini imekwisha. Wengine huiuza kwa bei ya kutupa, wengine humlipa fundi aifungue yote. Lakini mara nyingi tatizo ni tundu dogo ndani ya kabureta, jembamba kama sindano, lililozibwa na utando wa petroli iliyokauka. Kulizibua ni kazi ya nusu saa. Kulizuia lisizibe ni kazi ya dakika mbili.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, tofauti kati ya mambo hayo mawili ni mtaji. Faida ya wiki nzima inaweza kuishia mikononi mwa fundi kwa kosa ambalo lingezuiwa nyumbani kwa bisibisi moja.

Kwa nini za zamani bado zinategemewa

Uhaba wa mafuta umekuwa ukijirudia Burundi kwa miaka kadhaa. Sababu yake kubwa, upungufu wa fedha za kigeni, ndiyo hiyo hiyo inayofanya pikipiki mpya iwe ghali. Pikipiki nyingi hutoka India na China, na hununuliwa kwa dola. Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo mmoja.

Wakati huo huo, haja ya usafiri mdogo haikupungua. Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 27, 2013, biashara ilisambaa kwenye masoko ya mitaa kama Ruvumera, na mizigo ikahitaji chombo cha kuizungusha. Machi 2022, serikali ilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na bajaji kuingia katikati ya jiji. Kwa motari, kama waendesha bodaboda wanavyoitwa huku, kazi ikahamia zaidi kwenye mitaa ya pembeni yenye vumbi na mashimo.

Hivyo pikipiki ya miaka kumi au kumi na mitano haistaafu. Na nyingi zilibuniwa kwa maisha hayo hayo.

Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ilitengenezwa kwa kufikiria nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na oili haibadilishwi kwa wakati. Wahandisi waliacha mfumo wa mtangulizi wake, CB125, ambao sehemu za juu ya injini ziliumia haraka oili ikichakaa, wakarudi kwenye fimbo za kusukuma valvu. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, ndiyo maana leo pikipiki zenye majina tofauti kwenye tangi zina injini ya mtindo wa CG.

Aina za bei nafuu za Bajaj Boxer na TVS kutoka India nazo zilijengwa na kabureta, kiki na breki za ngoma. Zote hizi mtu anaweza kuzitunza nyumbani akiwa na spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi mbili na plaizi.

Petroli ya dumu na chupa

Mafuta yanapoadimika vituoni, hupatikana kwenye madumu na chupa pembeni mwa barabara. Hapo ndipo maji, mchanga na mafuta ya taa huingia kwenye tangi.

Kupima maji ni rahisi. Petroli imiminwe kwenye chupa nyeupe inayoona ndani, iachwe itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na mstari utaonekana. Ya juu ndiyo inayofaa kwenda kwenye tangi, ikipitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Kupima mafuta ya taa kunahitaji karatasi nyeupe. Tone la petroli safi likiwekwa juu yake hukauka na kuondoka bila alama. Likibaki doa la mafuta, kuna kilichochanganywa. Mchanganyiko huo huifanya injini iwe ngumu kuwaka, ichemke na kutoa moshi, na baadhi yake hupenya hadi kwenye oili na kuipunguza uzito.

Kichujio kidogo cha mafuta kwenye mpira unaotoka tangini ni kinga ya bei rahisi kuliko zote. Kama pikipiki haina, inafaa kuwekewa. Kikianza kuwa cheusi au chekundu kwa kutu, kibadilishwe.

Kisha kuna siku za kulala. Pikipiki ikijulikana kuwa itasimama zaidi ya wiki, koki ya mafuta ifungwe injini ikiwa inanguruma, iachwe mpaka izime yenyewe. Halafu skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta ilegezwe, mabaki yamwagikie kwenye kopo. Kabureta iliyokaushwa hivi haiachi utando.

Tangi lenyewe lina shida iliyo kinyume. Likikaa karibu tupu, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake na chuma kinaota kutu. Mwenye akiba ya petroli salama ni heri aiweke ndani ya tangi kuliko kuiacha kwenye dumu.

Onyo moja halina mjadala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Kufungua kabureta karibu na jiko la makaa, au kuhifadhi dumu la petroli chumba wanacholala watoto, ni kuhatarisha nyumba nzima. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na jenereta.

Oili: kosa linalojificha

Katika pikipiki hizi, oili moja hulainisha injini, gia na klachi. Ndiyo maana oili ya gari haifai. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inahitaji msuguano ili ishike. Matokeo yake injini inanguruma mlimani lakini pikipiki haiendi.

Kopo linalofaa huandikwa JASO MA au MA2, pamoja na uzito unaotajwa na kitabu cha pikipiki. Kwenye joto la Imbo, 20W-50 hutumika sana kwa injini za zamani. Nyingi zinahitaji karibu lita moja tu, na kwa kiasi hicho kidogo, upungufu wa robo lita ni hatari.

Oili hupimwa pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa dakika chache. Tone lisuguliwe kati ya vidole. Likikwaruza, lina chembe. Likinuka petroli, kabureta inavuja kwenda ndani au ringi zimechoka. Likiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na oili haifai tena hata kama ilibadilishwa jana.

Kwa mnunuzi, hatari kubwa ni kopo la zamani lililojazwa upya. Muhuri uliofunguliwa na bei ya chini kupita kiasi ni dalili. Na kila mtu anaweza kupunguza biashara hiyo kwa kutoboa kopo lake tupu kabla ya kulitupa.

Oili chakavu isimwagwe mtaroni. Mito ya Bujumbura kama Ntahangwa, Muha na Kanyosha huishia Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo ndilo chanzo cha maji ya bomba ya jiji na cha ndagala zinazouzwa sokoni. Ikusanywe kwenye dumu na ipelekwe gereji.

Plagi husema kilichomo ndani

Vumbi ni adui wa pili baada ya petroli chafu. Chujio la hewa likiziba, injini inakula mafuta mengi na hewa kidogo. Likitoboka, mchanga unapita na kusaga ringi na silinda.

Chujio la sponji huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa kivulini, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi. Hugongwa taratibu lidondoshe vumbi, na likishindikana hubadilishwa.

Plagi, ambayo Bujumbura huitwa buji, ndiyo barua inayotoka ndani ya injini. Ncha yenye rangi ya kahawia ni afya. Masizi makavu meusi yanaonyesha mafuta mengi au chujio lililoziba. Weusi wenye ulowevu wa oili unaelekeza kwenye ringi au mihuri ya valvu. Weupe mkavu una maana injini inachemka, mara nyingi kwa sababu hewa inaingia mahali pasipofaa au jeti imeziba nusu.

Jambo la kukumbuka kabla ya kutuma pesa kwa fundi ni hili: moshi wa bluu unaoendelea hauponywi na plagi mpya. Na masizi makavu mara nyingi hayahitaji pistoni mpya.

Mlima wa Bugarama na mafuriko ya Gatumba

Barabara zinazotoka Bujumbura zina majaribu mawili tofauti. Inayopanda Bugarama huanza karibu na usawa wa ziwa, takriban mita 770 juu ya bahari, na kuvuka mita 2,000. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda. Injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000.

Kwa hiyo pikipiki inayochoka kwenye mlima huo si lazima iwe mbovu. Chujio safi na gia ya chini mapema vinatosha. Kubadilisha jeti kwa ajili ya mlima mmoja huleta matatizo mapya ikirudi tambarare.

Kushuka ndiko kunakoua. Uhaba wa mafuta umewafanya wengine wazime injini na kuteremka na gia huru ili kuokoa petroli. Kwa kufanya hivyo wanaondoa breki kubwa kuliko zote, ambayo ni injini yenyewe. Breki za ngoma peke yake, zikiwa na mzigo wa magunia, huchemka na kupoteza mshiko. Kanuni ni kushuka kwa gia ile ile ambayo ingetumika kupanda, injini ikiwaka.

Upande wa magharibi, njia ya Gatumba kuelekea mpaka wa Kongo ni tambarare, lakini maji ya mto Rusizi na ya ziwa yamewahi kuifunika, kama ilivyotokea mwaka 2020 na tena 2024.

Pikipiki iliyozama isipigwe kiki. Maji ndani ya silinda hayabanwi, na nguvu hiyo inaweza kupinda vyuma vya ndani. Plagi itolewe kwanza, maji yatoke, oili imwagwe na kuwekwa mpya, kabureta na chujio vikaushwe. Hata ikiwa imepita kwenye maji ya magoti tu, ngoma za breki zifunguliwe ndani ya siku chache, zisafishwe, na beringi za magurudumu zipakwe grisi.

Vumbi la ndani ya ngoma lisipulizwe kwa mdomo. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Litolewe kwa kitambaa chenye maji.

Cheni na valvu: ulegevu una kipimo

Cheni ya pikipiki ya mizigo huharibiwa zaidi na kukazwa kupita kiasi kuliko kulegea. Mzigo ukipanda, shokapu zinabonyea na cheni inakazika yenyewe. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, ulegevu wa sentimita mbili hadi tatu katikati ya cheni unafaa. Gurudumu lizungushwe na kipimo kichukuliwe pale inapokaza zaidi.

Alama za pande mbili za ekseli ya nyuma zilingane, vinginevyo tairi litakaa upande. Meno ya sproketi yakipinda kama kulabu, cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja. Cheni mpya kwenye meno ya zamani huisha kabla ya muda wake.

Valvu zinawapoteza wengi. Pikipiki inayogonga tiki-tiki juu ya injini huonekana mbovu, lakini tapeti zilizolegea kidogo hupiga kelele tu. Zilizobana hazisemi kitu. Valvu haifungi vizuri, moto unapita, na ukingo wake unaungua kimya kimya mpaka nguvu zinaisha. Pengo hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa vipande vyembamba vya chuma vya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo.

Mipaka ya kazi ya nyumbani nayo ijulikane. Kupasua injini katikati, kubadilisha beringi za shafti kuu, kuchonga silinda au kunyoosha fremu ni kazi za fundi mwenye vifaa. Buyenzi, mtaa wa Waswahili unaojulikana Burundi yote kwa gereji zake, ndiko wengi wanakopeleka kazi hizo.

Kununua spea ng'ambo ya mpaka

Spea isiyopatikana Bujumbura mara nyingi huagizwa kwa mfanyabiashara anayekwenda Kigoma kupitia Mugina na Manyovu, au anayepita Kobero na Kabanga. Kosa la kuagiza kwa jina tu hurudisha kifaa kisichoingia. Kinachoitwa buji Bujumbura ni plagi Kigoma, na jina lililoandikwa kwenye tangi halithibitishi aina ya injini.

Kifaa cha zamani kibebwe chenyewe, au kipigwe picha pamoja na namba ya injini. Kwa pistoni, jambo la kwanza kusoma ni tarakimu zilizogongwa juu yake. Silinda iliyowahi kuchongwa hutumia pistoni kubwa kidogo, kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 za milimita. Anayeleta pistoni ya kawaida kwa silinda ya 0.50 ameleta chuma kisicho na kazi.

Suala la ushuru huwashangaza wengi. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwasaidia wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, lakini msamaha wake ni kwa bidhaa zilizotokana na nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Pistoni iliyotengenezwa India haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuuzwa Kigoma. Hutozwa kama bidhaa ya nje.

Kwa hiyo risiti itunzwe, mzigo utamkwe, na ushuru uhesabiwe ndani ya bei kabla ya safari. Spea iliyokamatwa mpakani ni ghali kuliko iliyolipiwa.

Ratiba ya uani

Kila asubuhi: kuangalia oili, breki, upepo wa tairi na kama kuna kinachovuja chini. Dakika tano.

Kila wiki: kupima na kulainisha cheni, kukaza nati za magurudumu na za keria, kukagua kichujio cha mafuta.

Kila mwezi: kusafisha chujio la hewa, kutazama plagi, kupaka grisi, kuongeza maji safi ya betri kama ni ya kuongezwa. Maji ya bomba au ya ziwa yasitumike.

Kila oili inapobadilishwa: tarehe na kilomita ziandikwe kwenye daftari lile lile la hesabu za biashara.

Kila inapolala: koki ifungwe, kabureta ikaushwe, pikipiki ifunikwe.

Daftari hilo ndilo linaloonyesha baada ya miezi sita kama pikipiki inakula faida au inaileta. Anayeona kuwa oili inapungua robo lita kila wiki anajua mapema kuwa ringi zinachoka. Ana muda wa kutafuta bei nzuri Kigoma, badala ya kulipa bei yoyote siku injini itakapokwama katikati ya mlima wa Bugarama na mzigo mgongoni.